Mafuta ya Bastola

Kahaso ndiye aliyeichagua ile bastola. Watu wa Kombani walilijua jambo hilo kwa sababu mumewe, Randu, alilitangaza mwenyewe sokoni. Mwanzoni kwa kujisifu, na baadaye kwa sauti nyingine kabisa.

Kazi ya Randu ilikuwa ng'ombe. Alikuwa akienda kuwanunua Mackinnon Road, kisha anawaswaga kwa miguu kukata nyika yote ile ya miiba na vumbi jekundu, mpaka kwa wachinjaji wa Kombani. Hakuwa akienda peke yake. Mwenziwe wa njiani alikuwa Kitsao, nduguye Kahaso, tumbo moja, mtu wa maneno mengi na mikono myepesi, ambaye siku asizokuwa na ng'ombe alikwea minazi ya watu kwa ujira. Kwa hiyo kila safari ilipoondoka, Kahaso alibaki na wasiwasi wa watu wawili. Likitokea la kutokea huko, litamtoa mume, au litamtoa ndugu, au litawatoa wote kwa mpigo.

Mwaka ule, mwaka wa kwanza tangu bendera ibadilishwe, mvua ziligoma bara na simba wakakonda. Simba aliyekonda hana haya. Mchuuzi mmoja wa mbuzi alikamatwa huko huko nyikani, upande wa Taru, ndani ya boma lake la miiba, na kilichorudi kwao kilikuwa ni kofia. Upinde wa babake Randu, ule wa mishale ya sumu, serikali ya zamani ilikwisha kuuchukua. Ndipo Randu akaenda Kwale kwa polisi, akarudi tena na tena, mpaka akapewa kibali cha kuwa na bastola. Bunduki ndefu hakuitaka.

"Bunduki hunasa kwenye miiba," alimwambia mkewe. "Na mimi mkono mmoja una fimbo, mwingine una kibuyu. Nataka kitu cha kiunoni. Kisiwe ghali, kisiwe na adabu. Kilale mchangani, kinyeshewe, kiangushwe, na siku nikikiita kiitike."

"Basi twende sote," Kahaso akasema. "Wewe ukiona kitu kinang'aa macho yako hulewa."

Randu alicheka, kwa kuwa ni kweli. Alipata kununua tochi ya rangi ya dhahabu ambayo haikuwaka hata usiku mmoja.

Huko Diani palikuwa na nyumba ya mzungu mmoja mzee aliyekuwa akifunga vitu vyake arudi kwao. Aliyeachiwa shughuli ya kuuza ni Mzee Suleiman, mtu wa Msambweni, aliyemtumikia tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Walimkuta barazani anafunga sahani kwa magazeti.

"Hodi hapa! Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Nyinyi ndio watu wa ng'ombe? Nimewajua kwa harufu, msione vibaya."

Aliwaletea maji ya kunywa kwanza, akauliza habari za nyumbani, za mvua, za mtoto wao Kache, kisha akatandika gunia juu ya meza na kupanga bastola tatu, kama muuza samaki anavyopanga changu.

Ya kwanza iling'aa kama kioo, mpini wake mweupe wa pembe. Ya pili ilikuwa nyeusi, bapa, ya kisasa, risasi zake hupangwa ndani ya mpini. Ya tatu ilikuwa rivolva, ile aina yenye kigurudumu cha tundu sita. Nene, nzito, rangi imebambuka mpaka chuma kimekuwa kijivu, na mpini wa mbao uliopata ufa ukafungwa waya wa shaba.

Mkono wa Randu ulikwenda wenyewe kwenye ile ya kwanza.

"Hiyo bei yake usiniulize mbele ya mkeo," akasema Mzee Suleiman. "Hii nyeusi naweza kukupunguzia. Na ile kongwe, bwana alisema nikimpata wa kuichukua, nimshukuru."

"Hiyo ni ya kufukuzia kunguru," Randu akasema.

Kahaso alikuwa ameketi mkekani akiziangalia zote tatu kama alivyokuwa akiangalia majembe sokoni. Jembe hulichagui kwa rangi. Unalipima uzito mkononi, unaligonga kwa ukucha, unaangalia pale palipochakaa. Kwa kuwa penye kuchakaa ndipo palipofanya kazi. Alikuwa na madarasa manne tu ya shule ya misheni, lakini kutazama hakukuhitaji darasa.

"Mzee," akauliza polepole, "mchanga ukiingia humu, inakuwaje?"

"Inategemea."

"Hebu tuitie mchanga tuone."

Randu alitahayari. "Mama Kache! Mali ya watu hiyo!"

Mzee Suleiman aliangua kicheko mpaka akashika mbavu. "Mwache, mwache! Miaka yote hii wanakuja mabwana wakubwa kuzitazama, wananiuliza zilitengenezwa wapi. Hakuna aliyeniuliza mchanga." Akahakikisha hamna risasi hata moja, akashuka nao uani, akaizika ile nyeusi mchangani, akaitoa, akaipukuta. Akaivuta sehemu yake ya juu ili ijifungue. Ilisaga kama meno ya mtu anayekula wali wenye mawe, ikafika nusu, ikakwama hapo.

Kisha akaizika ile kongwe. Akaitoa, akaipigapiga kwenye kiganja, mchanga ukamwagika. Kigurudumu kikazunguka kwa dole gumba. Akabana kifyatulio, nyundo ikaruka: ta! Tena: ta!

"Hii," Kahaso akasema.

"Lakini ni mbaya jamani," Randu akanung'unika. "Tazama waya huu. Watu watanicheka."

"Simba hatakucheka."

Hapo mambo yakaisha. Mzee Suleiman aliifunga rivolva kwenye kitambaa, akaongeza ala ya ngozi, na juu yake akaweka kikopo chembamba chenye mdomo mrefu.

"Haya ni mafuta yake. Ya cherehani. Tone moja hapa penye nyundo, tone moja hapa panapozunguka, basi. Yakiisha, fundi yeyote wa kushona atakugawia. Usitie mengine." Akamgeukia Kahaso. "Umesikia, binti? Nakwambia wewe kwa kuwa huyu mumeo bado anaitazama ile nyeupe."

Kahaso alisikia. Alisikia vizuri sana, na baadaye, alipotamani asiwe amesikia, maneno yale yalikuwa bado yapo, neno kwa neno.

Safari ya kwanza na bastola ilikuwa heri. Ya pili pia. Fisi walipokaribia boma, Randu alifyatua mara moja hewani na nyika nzima ikatulia. Kombani ikawa haina hadithi nyingine. Randu akawa anapanda baiskeli asubuhi na jioni kwenda sokoni, hata asipokuwa na haja, ala ikining'inia kiunoni.

"Chaguo la mke wangu hilo," alikuwa akisema. "Mimi nilitaka ya pembe. Akanikataza. Wallahi yule angezaliwa mwanamume angekuwa mkuu wa wilaya."

Kahaso akiyasikia hayo kutoka kwa wanawake kisimani, alijifanya anasogeza ndoo, lakini moyo wake ulikuwa ukinenepa.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Bi Jumwa, mamake Randu na mavyaa yake Kahaso, aliikuta kwa mavyaa yake mwenyewe: kinachosafiri hupakwa mafuta na mwanamke anayebaki. Miguu ya msafiri, fimbo yake, kibuyu chake, kamba zake, viatu vyake vya mpira wa gari. Mafuta ni ya nazi, na ni lazima yawe ya mkono wa huyo mwanamke: akune mwenyewe, akamue tui mwenyewe, alichemshe mpaka mafuta yapande na masira yabaki chini. Maana ya kufanya hivyo Bi Jumwa hakuieleza. Alisema tu, "Kitu kilichopakwa hukumbuka nyumbani." Na kwa mtu wa pwani mafuta ya nazi hayana mahali yasipofaa. Ni ya nywele, ni ya taa, ni ya bawaba za mlango, ni ya panga lisishike kutu.

Safari ya tatu iliangukia mwezi wa saba, kipupwe kimeshika. Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na manyunyu membamba, na chupa ya mafuta ya Kahaso ilikuwa imeganda nyeupe mpaka shingoni, kama kila kipupwe. Aliiweka karibu na mafiga, ikayeyuka. Jambo la kila siku. Nani angelitazama mara mbili?

Alipaka miguu ya mumewe na ya nduguye. Akapaka fimbo, akapaka kamba. Halafu akauliza, "Kile kikopo cha Mzee Suleiman kiko wapi?"

Randu alijikuna shingo. "Kimeisha. Tutachukua kingine tukirudi."

"Kimeisha vipi? Tone moja, tone moja?"

"Ah, Mama Kache. Kimeisha, kimeisha. Paka haya ya nyumbani, si mafuta? Panga langu mwaka wa ngapi sasa halijui mengine."

Kahaso alisita. Alisita kiasi cha mtu kupepesa jicho. Kisha akaona hakuna ubaya. Na zaidi ya hapo akaona kuna uzuri, kwa kuwa kitu alichokichagua yeye sasa kingebeba mafuta ya mkono wake. Randu alitoa risasi zote, akampa. Kahaso hakuishia kwenye tone moja. Aliipaka kwa mapenzi, ndani na nje, mpaka chuma kile cha kijivu kikapata nuru.

Kitsao alikuwa amesimama mlangoni na mzigo begani. "Dada, unaisinga kama mwari," akasema. "Hii ikifika bara itaposwa."

"Ikiposwa mahari yako wewe, upate kuoa," Kahaso akamjibu.

"Mimi nani atanitaka? Wasichana wananukia asumini, mimi nanukia ng'ombe."

"Nendeni. Salama mwende, salama mrudi."

Walicheka wote watatu. Kicheko hicho Kahaso alikikumbuka baadaye kuliko alivyokumbuka kilio.

Yaliyotokea huko hakuyaona. Aliyapata kwa Randu, vipande vipande, leo hiki, kesho kile, kama mtu anayetema mifupa ya samaki.

Walikuwa wametoka Mackinnon Road na kundi zuri. Walilala nyikani, wakajenga boma la miiba, wakawasha moto. Alfajiri baridi ilikuwa kali, moshi ulitambaa chini haupandi, na ng'ombe walitoa mvuke puani. Kitsao alikuwa akikusanya vijinga kuufufua moto. Simba jike akapita juu ya miiba kama paka anavyopita juu ya kizingiti.

Randu alikuwa tayari. Hilo alilirudia mara nyingi: alikuwa tayari. Alikuwa amekwisha kuichomoa, ameielekeza, mkono hautetemeki. Akabana kifyatulio.

Haikusema ta. Ilisema kama mtu anayegonga mlango kwa kitambaa. Akabana tena. Ngumu, nzito, nyundo inakwenda kama mgonjwa. Akabana tena. Kitsao alikuwa amemwinulia simba kijinga cha moto na kupiga kelele, na mnyama akamdaka mkono wa kulia, hapo kati ya kiwiko na bega.

Basi Randu akaruka na chuma kile kile mkononi. Alimpiga simba kwa bastola kichwani, puani, jichoni, kwa uzito wake wote ule wa chuma, mpaka mpini wa mbao ukapasuka na waya wa shaba ukamchana kiganja. Simba akaachia, akarudi alikotoka. Kitsao alibebwa kwenye lori la mawe mpaka hospitali ya Mombasa.

Hakufa. Lakini madaktari walipomaliza naye, mkono ule ulikuwa unaning'inia kama kamba ya kisima, vidole vimejikunja, hausikii. Na mkwezi wa minazi hakwei kwa mkono mmoja.

Ndipo sauti ya Randu sokoni ikabadilika. "Rahisi ghali," alikuwa akisema. "Nilitaka kitu cha maana, mwanamke akanichagulia kopo bovu." Wengine walimtazama Kahaso kwa huruma, wengine kwa namna nyingine. Kahaso alikuwa akijiuliza alikosea wapi. Mchanga ulimwagika. Kigurudumu kilizunguka. Nyundo iliruka. Aliipitia siku ile yote ya Diani kama mtu anayepepeta mchele, na jiwe hakuliona.

Kitsao aliporudi kutoka hospitali na kuwekwa chumba cha nje cha nyumba yao, Randu alisema, "Kesho nakwenda kwa yule mzee. Anieleze kwa nini aliniuzia kifo."

"Nakuja nawe," Kahaso akasema.

Walifika adhuhuri, jua limesimama wima, mchanga wa Diani unaunguza nyayo. Mzee Suleiman alisikiliza yote bila kumkatiza. Hadithi ilipofika kwenye mkono wa Kitsao alisema, "Inna lillahi," akafuta uso.

"Ina risasi?" akauliza.

"Zile zile. Sijaigusa tangu siku ile. Sitaki hata kuitazama."

"Njoo nyuma hapa. Elekeza kwenye lile tuta. Bana."

Randu aliinua bastola kwa chuki, akabana.

Paa!

Kunguru wote wa Diani waliruka. Randu alisimama mdomo wazi. Akabana tena. Paa! Akaendelea kubana, na risasi zilizokataa kumwokoa Kitsao zikaondoka moja baada ya nyingine, mpaka kigurudumu kikawa kitupu na masikio yakawa yanalia.

"Chuma hakina kosa," akasema Mzee Suleiman kwa upole. Aliipokea, akaifungua, akapitisha kidole ndani. Kidole kilitoka na uji mwekundu, vumbi la Taru lililochanganyika na kitu laini. Akakinusa. Uso wake ukabadilika.

"Mwanangu," akasema, "bastola yako inanukia wali wa nazi."

Hakuna aliyecheka.

"Alfajiri ile kulikuwa na baridi?"

"Baridi kali," Randu akasema.

Mzee Suleiman hakuuliza tena. Hakuhitaji. Wote watatu walizaliwa minazini. Wote walijua mafuta ya nazi hufanya nini yakipata baridi. Mawazoni Kahaso aliiona chupa yake karibu na mafiga, nyeupe mpaka shingoni. Alikuwa ameishika kwa mkono wake mwenyewe asubuhi ile ile. Ameiyeyusha, kisha akayamimina mafuta yale yale ndani ya kitu cha kwenda kulala nyikani. Jiwe lilikuwa juu kabisa ya mchele.

Aliketi kwenye mchanga unaounguza, wala hakuusikia.

"Ni mimi," akasema. "Mzee aliniambia. Usitie mengine. Aliniambia mimi, si wewe."

Randu alikuwa akiitazama bastola. Akasema bila kuinua macho, "Kikopo nilikimaliza mimi. Kwenye mnyororo wa baiskeli. Ulikuwa ukilia nikipita sokoni, nikaona aibu."

Mzee Suleiman aliwaacha. Aliingia ndani akakaa sana, na aliporudi alikuwa na kikopo kingine cha mdomo mrefu. Alikiweka mezani, hakumpa mtu. Hata wao hawakukichukua.

Wakashika njia ya kurudi. Karibu na Kombani Randu alisimama.

"Kitsao tutamwambia chuma kilichoka," akasema. "Kilikuwa kikongwe, basi. Wewe usijitwishe. Na sokoni sitasema tena."

Kahaso alijua kwamba anamsitiri, na anajisitiri. Aliitika kwa kichwa. Kuanzia siku hiyo Randu hakumtaja tena mbele ya watu, si kwa sifa wala kwa lawama. Bastola aliirudisha Kwale kwa polisi, na biashara ya ng'ombe akaiacha, akashika shamba la mihogo la mamake.

Kipupwe kilichofuata, Kitsao aliketi barazani kila asubuhi akingoja dadake amkande. Daktari alikuwa amesema mkono usiachwe ukauke. Chupa ilikuwa imeganda. Kahaso hakuipeleka tena mafigani. Alichota kipande cheupe kwa kidole, akakiweka kiganjani, akafumba mikono miwili, akangoja.

"Yanachelewa," Kitsao akasema.

"Baridi."

"Huku ndiko kwenye baridi? Wewe hujalala Taru." Akajiegemeza ukutani. "Unajua, njia nzima ile nilikuwa nikimwambia shemeji, hiyo bastola yako inanitia njaa. Kila akiichomoa nakumbuka wali. Yeye ananicheka."

Kahaso alimtazama nduguye, na nduguye alikuwa akitazama minazi ng'ambo ya njia, ile iliyokuwa ikikwewa na watu wengine.

"Kitsao," akasema.

"Najua, dada. Nilijua tangu hospitali, walipoanza kunipaka dawa na nikawa natamani mafuta ya kwetu. Hata mimi niliinusa siku zote zile. Pua ninayo, nikaitumia kwa mzaha." Akausogeza mkono wake mbovu kwa ule mzima, akauweka pajani mwa dadake. "Shemeji usimwambie. Mwache na chuma chake kilichochoka."

Kahaso alifungua viganja. Mafuta yalikuwa yameyeyuka, yanapita kati ya vidole, maangavu kama maji.

"Haya," Kitsao akasema. "Paka kabla hayajaganda."

Akapaka.